Uvumi hauna forodha: nani ataukagua?

KILA mfanyabiashara anayepita Nimule anaujua utaratibu wake. Lori linasimama, karatasi zinatazamwa, mzigo unahesabiwa, ushuru unalipwa, ndipo kizuizi kinainuliwa. Gunia la mahindi likitiliwa shaka, linafunguliwa. Lakini ipo bidhaa moja inayovuka mpaka huo usiku na mchana bila kusimama, bila kukaguliwa na bila kulipa hata paundi moja. Bidhaa hiyo ni uvumi.

Nianze na kisa kidogo. Mzazi wa mwanafunzi wangu mmoja, mama anayefanya biashara ya nyanya, alikuwa Elegu upande wa Uganda, mzigo wake ukisubiri gari. Simu yake ikapokea ujumbe wa sauti katika Kiarabu cha Juba. Msemaji alisema kwa hofu kwamba watu wameshambuliwa njiani, kwamba barabara ya Juba imefungwa, na kwamba haitafunguliwa kabla ya wiki kwisha. Nyanya hazisubiri wiki. Mama yule akauza mzigo wote pale pale kwa bei ya kutupa. Aliyenunua akapakia usiku ule ule na kuondoka. Kesho yake mama akapanda basi kurudi Juba, akapita katika barabara ile ile iliyosemekana imefungwa, na hakuona kizuizi chochote kisicho cha kawaida.

Alikuja shuleni kunieleza kwa nini karo itachelewa. Nikamwomba anisikilizishe ujumbe ule. Msemaji hakutaja jina lake. Hakutaja siku. Hakusema amesimama wapi alipoyaona hayo anayoyasimulia. Inawezekana kabisa kwamba ulikuwa ujumbe wa kweli wa mwezi mwingine, maana sote tunajua damu iliyowahi kumwagika katika barabara ile. Lakini siku ile ulikuwa uongo, na mtu mmoja alipata faida kwa uongo huo.

Kwa mama yule hasara ilikuwa nyanya na karo ya muhula. Wapo waliolipa zaidi.

Picha ya kweli, hukumu ya uongo

Itakumbukwa kuwa tarehe 11 Januari 2025 jeshi la Sudan liliutwaa tena mji wa Wad Madani katika jimbo la Gezira kutoka kwa wapiganaji wa RSF. Siku hizo hizo video zilizagaa zikionyesha raia wakiuawa, wakiwemo ndugu zetu wa Sudan Kusini. Mauaji hayo hayakuwa hadithi. Watetezi wa haki za binadamu waliyachunguza, na serikali ya Juba iliyalaani waziwazi.

Jioni ya tarehe 16 Januari, vijana mjini Juba walivamia maduka ya Wasudani, wakapora na kuchoma moto. Serikali ikatangaza amri ya kutotoka nje kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi. Polisi walisema baadaye kwamba Wasudani 16 waliuawa katika machafuko ya siku zile nchini.

Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea tunapozungumzia habari za uongo. Tunadhani kazi yote ni kutenganisha picha ya kweli na picha ya kughushi. Picha za Wad Madani hazikuhitaji kughushiwa. Uongo ulikuwa katika hukumu iliyotolewa baada ya picha: kwamba mwenye duka la sukari na sabuni mjini Juba anapaswa kujibu kwa damu iliyomwagwa Gezira na watu asiowajua. Miongoni mwa wafanyabiashara hao wamo watu wa Darfur, ambao vita hiyo hiyo imewafukuza makwao.

Kwa hiyo, mtu anayetaka kujilinda na upotoshaji hana budi kuuliza maswali mawili, si moja. La kwanza: je, jambo hili limetokea kweli, lini na wapi? La pili: hata kama limetokea, anayeniletea anataka nifanye nini, na kwa nani? Swali la pili ndilo lililokosekana Januari ile.

Mlango unaovunjwa ni ule ule

Wapo wanaosema kwamba haya yameletwa na simu za kisasa. Wenye kumbukumbu wanajua sivyo.

Tarehe 30 Julai 2005 helikopta iliyomchukua Dk. John Garang kutoka Uganda haikufika. Siku iliyofuata televisheni ya taifa ya Sudan ilitangaza kwamba ametua salama. Saa chache baadaye habari hiyo ikakanushwa. Tarehe 1 Agosti ikatangazwa rasmi kwamba amefariki. Watu ambao jana yake waliambiwa yu salama waliisikiaje habari hiyo? Waliisikia kama uthibitisho kwamba kuna kitu kinafichwa. Khartoum ililipuka, na hapa Juba maduka ya wafanyabiashara wa kaskazini yaliporwa na kuchomwa. Kwa jumla watu zaidi ya 100 walipoteza maisha, wengi wao Khartoum. Hapakuwa na TikTok wala WhatsApp. Palikuwa na kauli rasmi isiyo ya kweli, kisha pengo la saa kadhaa, na uvumi ukalijaza pengo hilo.

Mwezi Aprili 2014 mji wa Bentiu uliangukia mikononi mwa wapiganaji wa upinzani. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa nchini, UNMISS, ulieleza kwamba raia zaidi ya 200 waliuawa katika msikiti wa Kali-Ballee, wengi wao wakiwa wafanyabiashara kutoka Sudan waliokimbilia humo wakidhani ni mahali pa usalama. UNMISS ilieleza pia kwamba redio ya mji, Bentiu FM, ilitumiwa kuchochea chuki dhidi ya makabila mengine na hata kuhimiza wanawake wadhalilishwe kwa kulipiza kisasi. Inasemwa kidogo kwamba makamanda wengine walitumia redio hiyo hiyo kuhimiza umoja. Chombo kilikuwa kimoja. Kilichotofautiana ni nani aliyeshika kipaza sauti na kama msikilizaji alikuwa na namna ya kuwapima.

Kisha ikaja tarehe 8 Julai 2016. Rais Salva Kiir na Dk. Riek Machar walikuwa pamoja ndani ya ikulu ya J1, na walinzi wa pande zote mbili walikuwa nje wakiangaliana kwa mashaka. Msemaji wa upande wa Machar, aliyekuwa nje ya nchi, aliandika kwenye Facebook kwamba kiongozi wake anakamatwa. Machar hakuwa amekamatwa. Wapo wanaosema andiko lile ndilo lililowasha moto, na wapo wanaosema moto ulikuwa tayari unawaka. Vyovyote iwavyo, watu walisoma jambo lisilotokea katika saa ambayo kila mtu alikuwa na kidole kwenye risasi, na katika siku chache watu wasiopungua 300 walikufa.

Msomaji atazame tena orodha hii. Mwaka 2005, mwaka 2014 na mwaka 2025, mlango unaovunjwa ni ule ule: mlango wa mwenye duka mgeni. Mfanyabiashara wa mpakani ndiye wa kwanza kulipa uvumi unapokasirika. Leo ni Mdarfur wa Juba. Kesho anaweza kuwa Mganda wa Konyo Konyo, au Msudani Kusini mwenye kibanda chake Arua. Sisi tuliorejea tunalijua hili kuliko wengine. Tumewahi kuwa wageni katika masoko ya watu, tukisikia vijana wakinong'onezana kwamba wakimbizi ndio walioleta hili au lile.

Kufunga mtandao hakufungi mdomo

Baada ya machafuko ya Januari 2025, Mamlaka ya Taifa ya Mawasiliano iliamuru tarehe 22 Januari kampuni za simu zifunge mitandao ya kijamii, hasa Facebook na TikTok, kwa siku zisizopungua 30 na zinazoweza kufika 90. Tarehe 27 Januari amri hiyo iliondolewa.

Sidharau sababu iliyotolewa. Mtu aliyeona maduka yakiwaka anaweza kuelewa kwa nini serikali ilitaka picha zile zisiendelee kuonekana. Lakini tuulize kwa haki: mwaka 2005 palifungwa nini? Hapakuwa na cha kufunga, na maduka yaliungua. Uvumi ulitembea kwa miguu. Aidha, unapofunga mtandao humfungi mzushi peke yake. Unamfunga na mama anayetaka kuuliza bei ya Elegu, na dereva anayetaka kuwaonya wenzake, na mwandishi anayetaka kukanusha uongo.

Dawa nyingine tuliyoiona ni ya kiongozi kujitokeza. Mwezi Oktoba 2016, uvumi ulipoenea kwamba Rais Kiir amefariki, alipita katika mitaa ya Juba akiwa ndani ya gari la wazi, watu wakamwona kwa macho yao. Uvumi ukafa siku ile ile. Ilikuwa dawa nzuri kwa sababu ilikuwa ya haraka na ya kuonekana. Lakini uvumi mwingi hauwezi kujibiwa na gari la rais. Mama wa nyanya kule Elegu angemwona nani?

Kinachobaki ni elimu: elimu ya kuzichambua habari kabla ya kuziamini na kabla ya kuzipitisha kwa mwingine. Na elimu hiyo, katika nchi kama yetu, haiwezi kufundishwa na mwalimu peke yake.

Kwa nini shule pekee haitoshi

Utafiti wa kaya wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba ni asilimia 27 tu ya watu wazima wa Sudan Kusini waliojua kusoma na kuandika. Hali imesogea tangu hapo, lakini si kwa kiasi cha kumfanya mtu aseme kwamba tutapambana na uzushi kwa vipeperushi. Zaidi ya watu milioni moja wamevuka kutoka Sudan tangu vita ilipoanza huko Aprili 2023, wengi kupitia Joda na Renk. Wengi wao wamesoma Kiarabu, si Kiingereza cha ofisi zetu. Sisi tuliotoka Kakuma, Adjumani na Rhino Camp tuna Kiswahili na Kiingereza. Waliobaki vijijini wana lugha zao. Habari moja ikitangazwa kwa lugha moja tu, waliobaki nje wataitafuta kwa jirani, na jirani huongeza chumvi.

Ndiyo maana neno ubirika, ambalo limechoshwa na semina, bado lina maana hapa. Mwezi Juni 2013 UNESCO iliwakutanisha wadau wa nchi nyingi mjini Abuja, Nigeria, wakaanzisha muungano wa dunia wa kushirikiana katika elimu hii. Miaka miwili kabla, mwaka 2011, UNESCO ilikuwa imetoa mtaala wa kuwaandaa walimu kuifundisha. Wazo lao lilikuwa rahisi: mwalimu ana wanafunzi lakini hana habari za leo, mwandishi ana habari za leo lakini hana muda wa kumfundisha msikilizaji, kiongozi wa dini anaaminika lakini hajui picha inavyohamishwa kutoka nchi moja kwenda nyingine. Kila mmoja ana kipande.

Jambo la kutia moyo ni kwamba vipande hivyo vipo kwetu, na vingine vimekwisha kujaribiwa.

Mwaka 2014, maelfu ya watu walipojificha katika kambi za UNMISS hapa Juba, shirika la Internews lilianzisha kipindi kilichoitwa Boda Boda Talk Talk. Wakazi wa kambi wenyewe walirekodi habari na maswali ya wenzao, kisha chombo cha magurudumu kilichofungwa vipaza sauti kikazunguka kambini na kusimama mahali maalumu watu wakasikiliza. Hakuna aliyehitaji kujua kusoma wala kununua data.

Huko Kenya, baada ya mapigano ya Waorma na Wapokomo katika eneo la Tana mwaka 2012 na 2013, ulianzishwa mpango ulioitwa Una Hakika. Mwananchi akisikia uvumi anautuma kwa ujumbe wa simu. Watu wa kujitolea walioko kijijini wanakwenda kuuliza. Jibu linarudishwa kwa wanakijiji wa pande zote mbili. Waanzilishi wake, Sentinel Project ya Canada, baadaye walilileta wazo hilo kwa wakimbizi wetu kule Rhino Camp, Uganda, kwa jina la Hagiga Wahid, yaani ukweli mmoja.

Hapa Juba, vijana wa mpango wa defyhatenow walianzisha mwaka 2020, wakati wa korona, kituo cha kuhakiki habari kinachoitwa 211 Check, kwa kuchukua namba ya simu ya nchi yetu. Wao huchukua picha au tangazo linalozagaa, wakalifuatilia lilikotoka, wakaandika walichokipata. Redio nazo zipo. Redio Miraya ya Umoja wa Mataifa na Redio Bakhita ya Kanisa Katoliki zimekuwa hewani tangu mwaka 2006, na Eye Radio inasikilizwa na wengi.

Basi kama vipande vipo, kwa nini mama wa nyanya hakupata hata kimoja?

Ushirikiano wa hotelini

Nitasema nilichokiona kama mwalimu niliyealikwa mara kadhaa. Ushirikiano wetu mara nyingi hukutana hotelini. Huwa kuna bango, chai, posho ya nauli, na picha ya pamoja. Wanaoalikwa ni wale wale: mashirika, wanahabari wachache, afisa wa wizara, mwalimu mmoja wa kuwakilisha walimu. Sijawahi kukuta humo dalali wa stendi ya Gumbo, wala mwenyekiti wa bodaboda, wala wakala wa forodha wa Nimule. Wakati hao ndio wanaousikia uvumi saa tatu kabla ya sisi wengine.

Tatizo la pili ni fedha. Mpango ukifadhiliwa na mtu mmoja wa mbali, siku yake ya kufa imeandikwa katika mkataba. Mwaka 2025 Marekani ilipokata misaada yake ya nje, vyombo vya habari katika nchi nyingi maskini vilitikisika, na mashirika yaliyokuwa yakiwafunza waandishi yalipunguza kazi. Hatuwezi kuilaumu nchi nyingine kwa kuacha kulipia masikio yetu.

Tatizo la tatu ndilo gumu zaidi: kuaminika. Mhakiki wa habari ambaye anakanusha uongo wa wapinzani tu, na ananyamaza uongo unapotoka ofisini, hatasikilizwa na mtu. Tukumbuke televisheni ya mwaka 2005. Sheria ya Haki ya Kupata Habari ya mwaka 2013 inampa mwananchi haki ya kuuliza na kujibiwa. Afisa anayejibu mapema, kwa jina lake, anamnyima mzushi chakula. Afisa anayesema "sina la kusema" amempisha mzushi kwenye kiti chake.

Nini kifanyike

Pendekezo langu la kwanza ni la mpakani. Vyama vya wafanyabiashara na vya madereva wa pande zote mbili, pamoja na maafisa wa Nimule na Elegu, wakubaliane juu ya taarifa moja ya barabara kila asubuhi na kila jioni: imefunguka au imefungwa, wapi, tangu saa ngapi, na nani anayesema hivyo. Isomwe redioni na irekodiwe kwa sauti katika Kiarabu cha Juba, Kiswahili na lugha za njiani. Vivyo hivyo kwa Kaya na Oraba, na kwa Nadapal na Lokichoggio. Gharama yake ni muda wa maongezi na watu wawili wenye kuaminika. Hata vyama vyenyewe vinaweza kuilipa, maana hasara ya mzigo mmoja wa nyanya ni kubwa kuliko vocha ya mwezi.

La pili ni la shuleni. Hatuhitaji somo jipya. Dakika 20 kwa wiki ndani ya somo la lugha au uraia zinatosha. Darasani kwangu wanafunzi huleta ujumbe uliofika nyumbani wiki ile, tunauandika ubaoni, na kuuliza: nani amesema, amejuaje, lini, wapi, na anataka tufanye nini? Mtoto akirudi nyumbani anamwuliza mama yake maswali hayo hayo. Katika nyumba nyingi za warejea mtoto ndiye anayesomea wazazi ujumbe wa simu; huyo ndiye mlinzi wa mlango tuliye naye.

La tatu ni la wahakiki na redio. Kazi ya 211 Check isiishie kwa wenye intaneti. Kila wiki redio ichukue uvumi mmoja, iueleze ulivyoanza, nani alinufaika, na ukweli ni upi, kwa lugha ya sokoni. Na wanaoalikwa kuzungumza wawe pamoja na dereva na mchuuzi.

Serikali ilipoahirisha uchaguzi mwezi Septemba 2024, ilitaja tarehe mpya kuwa 22 Desemba 2026. Kenya ilitufundisha mwaka 2007 na 2008 nini kinaweza kutokea katikati ya sanduku la kura na tangazo la mshindi, uvumi ukiachwa ujaze pengo. Hatuwezi kuanza kujenga uaminifu siku ile ya kuhesabu kura.

Wazee waliotulea Kakuma walitusimulia kwamba wakati wa vita, miaka ya 1980, walikuwa wakisikiliza Redio Omdurman ya serikali, kisha wanahamia redio ya SPLA iliyorushwa kutoka Ethiopia, kisha wanamalizia na BBC. Hakuna kati ya hizo waliyoimeza nzima. Walikaa chini ya mti wakazilinganisha, na aliyeleta habari mpya aliulizwa kwanza: umeona, au umesikia? Wengi wao hawakujua kusoma. Walikuwa na elimu hii ambayo leo tunaifanyia semina.

Mama wa nyanya bado anakwenda Elegu. Siku hizi ujumbe ukiingia, anampigia kwanza dereva mmoja anayemjua, aliye njiani, ndipo anapoamua kuuza au kusubiri. Karo ya muhula ule aliimaliza kwa taabu. Yeye ameshapata wa kumwuliza. Wanaosimama naye pale kila alfajiri, wengi wao hawana.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu wa shule ya sekondari mjini Juba. Alisoma katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma nchini Kenya kabla ya kurejea nyumbani.